Kisigino cha Risasi

Nikiikumbuka siku ile, mwanangu, kitu cha kwanza kunijia si kiboko wala damu. Ni hiki kidole gumba changu cha kulia. Ndicho kilichotia risasi, na mpaka leo nikikaa peke yangu hujikuta nakisugua kama mtu aliyeungua.

Nitakueleza polepole, maana mimi si mtu wa kusema mambo kwa mstari. Shule niliiacha darasa la pili nikaenda kuchunga mbuzi wa mjomba, na mbuzi hawamfundishi mtu kupanga maneno. Ukiona nimepotea njia nisubiri, nitarudi.

Kwetu ni Magarini, upande wa mtoni. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kijiji kizima kilikuwa na bunduki moja. Ilikuwa ya serikali, ikikaa kwa chifu, na sisi walinzi watatu tukipewa kwa zamu tufukuze viboko na nyati wasimalize mahindi ya watu. Bunduki ya jeshi ya zamani sana, mti wake umeng'arishwa na mikono ya watu tusiowajua. Ilikuwa na komeo la chuma, kama hili la mlango. Ukivuta, ganda la risasi iliyopigwa linaruka nje. Ukisukuma, risasi nyingine inapanda kutoka tumboni mwa bunduki inaingia mtutuni. Basi unalaza mkono wa komeo, umekuwa tayari.

Wanajeshi wenyewe walikuwa na vibati vya kushika risasi tano pamoja, mtu anazisukuma zote kwa mara moja. Vibati vyetu vilipotea kabla sisi hatujaijua bunduki yenyewe. Kwa hiyo tulitia risasi moja moja, kwa kidole.

Aliyetufundisha ni Mzee Karisa, mkubwa wa walinzi. Alipigana vita vya Wazungu huko Burma, akarudi na sikio moja linalosikia, na mtindo wa kuketi mgongo wima hata juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Kahindi. Kahindi alikuwa rika yangu, rafiki yangu na mlinzi mwenzangu, na alikuwa amemposa dada yangu. Kibuyu cha kwanza cha pombe ya mnazi kilikuwa kimeshaletwa kwetu na wazee wamekunywa. Alikuwa mtu wa kuchekesha huyo. Alikuwa akimwigiza baba yake anavyotembea, na baba yake akimwona alikuwa akigeuza uso ili asionekane anacheka.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Risasi za bunduki ile, nyuma kwenye kitako, zina ukingo uliotokeza kidogo. Mzee Karisa akiuita kisigino. Alikuwa akisema kila risasi unayoitia, kisigino chake kikae mbele ya kisigino cha iliyo chini yake. Ukikiweka nyuma, huoni kitu. Bunduki inafunga, unatembea nayo, unajiona mwanamume. Lakini ukija kusukuma komeo, ya juu inaikamata ya chini, zinang'ang'aniana, komeo haliendi mbele wala risasi haiingii. Ni hilo tu. Jambo dogo kama ukucha.

"Kisigino mbele," alikuwa akisema. Alitufunga macho kwa leso ya mkewe, tukatia kwa kupapasa. Nikikosea alikuwa akikishika kidole changu, anakipeleka mwenyewe taratibu.

Siku moja ya soko watu walijaa kwa chifu kungojea mbegu. Mimi nikaona hapa ndipo. Nikasema naweza kutia risasi tano kabla mtu hajahesabu kumi. Kahindi akawa mhesabuji, akahesabu kwa kuimba kama kasisi. Alipofika saba nilikuwa nimemaliza. Wasichana wakapiga vigelegele, na mmoja wao nilikuwa namtaka sana, lakini huyo ni habari nyingine.

Mzee Karisa akaja, akaipokea bunduki, akaielekeza chini, akasukuma komeo. Likakwama.

"Charo, hii ya tano umeiweka wapi?"

"Ndani, mzee."

"Ndani hata mavi ya kuku huingia ukiyasukuma." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye hakucheka. "Zitoe. Anza upya. Hapa hapa, mbele ya hawa uliowaita wakutazame."

Nilizitoa, nikaanza upya, na macho yalikuwa yakiniwasha. Baada ya siku hiyo nilinuna, mwanangu. Akiita mazoezi, mimi nina homa. Akiita tena, mbuzi wamepotea. Kahindi akanifuata nyumbani.

"Shemeji, baba hana chuki na wewe. Anaogopa tu."

"Anaogopa nini? Mimi si mtoto mdogo."

"Muulize yeye. Mimi hata mswaki nikipiga haraka hunigombeza."

Tukacheka, yakaisha. Lakini kwa Mzee sikurudi.

Asubuhi yenyewe mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele. Kiboko hula usiku, alfajiri akarudi majini. Huyu alichelewa. Jua lilipanda yumo bado shambani, na wanawake walikuwa wameshateremka kuteka maji, wakawa wamesimama kati yake na mto. Kiboko ukimzibia maji anakuwa si mnyama tena, ni nyumba inayokimbia. Wakapiga kelele, wakapanda mti wa mkuyu. Zamu ilikuwa yangu. Nikachukua bunduki na risasi tano mfukoni mwa shati.

Kahindi haikuwa zamu yake. Alikuja tu, ameshika debe bovu na kigongo.

"Mimi nitampigia debe nimgeuze aelekee mtoni," akasema. "Wewe simama pale kwenye kichuguu. Akinijia mimi, mpige. Usipompiga, dada yako atakuua wewe kabla yangu."

Mzee Karisa alikataza kutia risasi huku unatembea. Simama, tazama, ndipo utie. Mimi nilitia huku natembea, nazungumza, macho yangu kule kwenye mkuyu waliko wanawake. Moja, mbili, tatu. Ya nne ikagoma kidogo.

Hapo, mwanangu. Hapo ndipo maisha yangu yalipokatika vipande viwili. Kidole kilijua. Miezi yote ile ya leso machoni haikuwa imepotea, kidole kilijua kabisa kwamba kisigino kimekaa nyuma. Ilikuwa ni kuitoa na kuirudisha, haizidi pumzi mbili. Lakini nilikumbuka soko, nikakumbuka vile vicheko, nikaona haya kusimama nianze upya na wanawake wananitazama. Nikaisukuma kwa nguvu, ikaingia. Nikatia ya tano juu yake.

Ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Kahindi alipopiga debe, kiboko aligeuka vibaya, akamjia yeye. Nikapiga ile ya tano, ikapasua udongo. Nikavuta komeo, ganda likaruka. Nikasukuma. Komeo likaja nusu, likasimama.

Kahindi alikuwa na nafasi ya kukimbia. Hilo ndilo wasilolijua watu. Palikuwa na mti hatua kumi kutoka kwake. Hakukimbia kwa sababu alijua risasi ya pili inakuja. Aliendelea kupiga debe, na hakuwa akimtazama kiboko. Alikuwa akinitazama mimi. Nililipiga komeo kwa kiganja mpaka kiganja kikachanika.

Kiboko hakuwa na haja naye. Alikuwa akitaka maji. Alimpitia juu yake, akaingia mtoni, maji yakatulia.

Tulimbeba kwenye kitanda tufike barabarani, tutafute gari la kumpeleka Malindi. Hakufika barabarani.

Mzee Karisa alitukuta njiani. Hakulia. Alimfunika mwanawe uso kwa shuka, kisha akanijia, akaitoa bunduki mikononi mwangu, akawageuzia watu mgongo. Mimi peke yangu nilimwona. Alivuta komeo, akatazama ndani kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kisimani. Kidole chake kikabonyeza, kikaitoa ile ya nne. Halafu zile nyingine tatu. Akazitia mfukoni.

Karani wa chifu akauliza, "Imekuwaje, mzee?"

"Bunduki imezeeka," akasema. "Springi yake imekufa. Asipewe mtu tena."

Ikafungwa kamba, ikarudishwa, hatukuiona tena. Na watu wakanipa pole. Unasikia? Walinipa mimi pole. Wakanishika mabega, wakasema ningefanya nini na chuma kibovu. Nikazipokea pole zote. Nililibeba jeneza mbele.

Dada yangu aliolewa baadaye Kakuyuni, na mtu mwema. Lakini kila nikienda kumtazama, akitajwa Kahindi, huilaani ile bunduki na aliyeitengeneza, na mimi nimekaa, nakula wali wake.

Kwa Mzee Karisa nilikuwa nikienda mara kwa mara. Wewe unajua desturi yetu. Mgeni anapewa kiti, anapewa maji, akishakunywa mwenyeji anamwuliza, "Haya, una neno?" Kama una shida unaitoa, kama huna unasema ni salamu tu. Nilikuwa nikisema, "Shikamoo, mzee." Anaitika marahaba. Nakunywa maji. Ananiuliza, "Una neno, Charo?" Nami nasema, "Hakuna neno, mzee. Ni salamu tu." Alikuwa akiitazama mikono yangu, halafu anasema, "Haya."

Miaka kumi na mmoja, mwanangu. Akafa. Nilishika jembe nikamchimbia kaburi, na nilichimba vizuri, kwa sababu hilo nalo watu walikuwa wakilitazama.

Mwaka huu magoti yamenishinda, nikajua nami sina safari ndefu. Nikapanda bodaboda nikaenda kwa mkewe, Mama Kahindi. Yu hai, macho yameingia ukungu, anaota jua la asubuhi mlangoni. Nilimkuta anachagua pojo kwenye ungo, anatoa mawe kwa kupapasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo ni Charo. Unaburuza mguu siku hizi."

Nikapewa kiti na maji, nikanywa. Akaniuliza kwa sauti ile ile, hata nikatazama nyuma yake, "Haya, una neno?"

"Ninalo, mama."

Nikamweleza yote. Soko, kununa, mkuyu, risasi ya nne, kidole. Aliendelea kuchagua pojo. Nilipomaliza alitupa kijiwe uani, kikalia kwenye bati la banda la kuku.

"Mzee aliniambia," akasema. "Siku ile ile, kabla hatujazika. Akasema, usimwambie mtu, mtoto wa watu watamuua. Atakuja aseme mwenyewe."

Nikakiweka chini kikombe cha maji.

"Ukipiga hodi, alikuwa akiniambia, mama Kahindi tandika mkeka, leo anasema. Ukishaondoka, chakula kilikuwa hakimpiti. Hata ile wiki ya mwisho aliuliza, Charo hajaja?"

"Nisamehe, mama."

"Mimi nilikusamehe zamani, ulipokuwa bado una nywele nyeusi. Lakini yeye alikuwa anataka akusamehe mwenyewe, kwa mdomo wake. Ukamnyima."

Akarudi kwenye pojo zake.

Basi mwanangu, bunduki zile zimekwisha, na sikuombei uishike hata moja. Lakini kila kazi ina kisigino chake. Iwe wafunga nati za pikipiki, iwe waandika barua ya mtu, mkono wako ukikwambia hapa pamekaa vibaya, simama. Toa, uanze upya, hata kama soko zima linakutazama. Aliyekugombeza kwa jambo dogo, rudi kwake kesho yake. Usinune. Na ukimkosea mtu, mwambie angali na masikio ya kukusikia. Usidhani anayenyamaza hajui. Huenda ameshajua, ametandika mkeka, anakungoja.

Mungu akutulize mkono wako. Akupe mtu wa kukuuliza, na akupe ulimi wa kumjibu mapema. Na ukipita Magarini ukaja kwangu, nitakupa kiti, nitakupa maji, kisha nitakuuliza kama una neno. Kama unalo, mwanangu, usiniambie ni salamu tu.