Supu Iliyoivia Kanisani

Bata mzinga wa baba mkwe alikuwa hana adabu, na siku alipochinjwa sikumwonea huruma hata kidogo. Tangu nilipoolewa alinikimbiza uani kila nilipotoka na ndoo, mimi tu, wengine akiwapisha. Wifi yangu alisema ananifukuza kwa sababu ananijua kuwa mimi ni mgeni. Nilimjibu kuwa mgeni ni yeye bata, aliyeachwa na wamisionari waliorudi kwao, mimi nimetolewa mahari.

Nilikuwa nimeolewa Suji, juu milimani, nikitokea Bendera, kule tambarare, ambako baba yangu alikata mkonge tangu alipofika kijana kutoka Tabora. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa. Mume wangu alikuwa mwalimu katika kijiji kipya huko chini na alipanda kwetu mwisho wa mwezi tu. Siku nyingine zote ndoa yangu ilikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mfupi, mikono haitulii na ulimi haulali. Hakuniita kwa jina. Aliniita "mtu wa mkongeni". Nilipopika makande yangu ya kwanza alitafuna, akatafuna, akasema mbele ya wageni kwamba hata kamba za mkonge huwa zinalainika. Mimi nami nina hasira za karibu, nimezaliwa nazo. Siku ileile nilichana karatasi katikati ya daftari la mume wangu, nikamwandikia baba: njoo unichukue. Nikamkimbilia jirani aliyekuwa akishuka Same nikampa barua aitie posta.

Siku tatu hazikupita, hasira zikaisha. Mama mkwe alinikalisha jikoni akanionyesha jinsi ya kuyatwanga mahindi mpaka maganda yatoke, na maharage yaingie lini, na moto upunguzwe lini. Tulicheka sana siku ile. Nikajiona mjinga, nikaona aibu, lakini barua ilikwisha kwenda. Wiki zikapita bila jibu. Nikaamini imepotea, nikaishukuru posta.

Kisha ikaja Jumamosi ya msaragambo. Huko kwetu pembe ikipigwa kila nyumba inatoa mtu, na kazi ya siku ile ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanya maji ya mfereji. Zamu ya kuwalisha wafanyakazi ilikuwa yetu. Kuku wote walikuwa wamekufa kwa kideri mwezi ule, na mbuzi pekee aliyebaki alikuwa na mimba, basi baba mkwe akamtazama bata mzinga kwa muda, akaomba kisu. Watu walikula wakasifu miguu na mapaja. Kifua hawakukipenda, walisema ni kikavu. Kikabaki hicho, na shingo, na mabawa, na gofu zima la mifupa.

Tukiwa tunaosha vyombo mtu mmoja akapita kutoka barabarani, akaamkia, akasema, "Mama, nimetumwa. Baba wa huyu bibi harusi wenu anapanda kesho na lori la asubuhi. Ametoa salamu tu, hakusema zaidi."

Sufuria ilinitoka mkononi. Mimi peke yangu nilijua anachofuata.

Mama mkwe naye alishtuka, kwa sababu zake. "Mkwe anakuja kwangu mara ya kwanza, na sina hata yai," alisema. "Nitampa nini? Kiporo? Nimpe mkwe mabaki ya watu wa tope?"

"Tutapika supu, mama," nilisema. "Mifupa hii ikichemka kutwa haitakuwa mabaki tena."

"Na kutwa hiyo nani atakaa na moto? Kesho ni sikukuu ya mavuno."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nyumba yote ingekwenda kanisani na kapu lake la mavuno. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nyasi, na moto hauachwi peke yake kwenye jiko la nyasi. Angebaki mmoja, na huyo mmoja, kama kawaida, ni bibi harusi. Nikaona picha yake: baba anafika kanisani, anatafuta binti yake katika safu za wanawake, hayupo. Anaambiwa yuko jikoni. Anakuja ananikuta peke yangu kwenye moshi nikichochea mifupa, siku ambayo wote wamevaa nguo safi. Angeamini kila neno la barua yangu na ningekuwa Bendera kabla jua halijatua. Nami sikutaka tena. Nilimpenda mume wangu, na nilikwisha kuanza kumpenda yule mama, ulimi wake na yote.

"Nitaipika kwenye kapu," nikasema.

Mama mkwe alinitazama kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa. "Chakula kinaiva kwa moto, mtu wa mkongeni. Kapu ni la kubebea."

Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa. Kule Bendera, darasani kwetu sisi wanawake, bibi maendeleo wa serikali alituonyesha kupika bila kuni: unachemsha chakula kwelikweli, halafu unakifukia kwenye kapu lililoshindiliwa majani makavu, joto lisipate pa kutokea, nacho kinajimalizia chenyewe. Siku hizi binti yangu ana sufuria ya umeme inayopika polepole kutwa nzima, na anaisifia kwa mashoga zake kana kwamba imezaliwa jana. Mimi nakaa kimya, nakula.

Jumapili alfajiri nilivunja mifupa, nikaitia kwenye sufuria kubwa na shingo na mabawa, vitunguu, nyanya, chumvi, na tangawizi ya shambani kwetu niliyoiponda kwa jiwe. Ikatokota mpaka mfuniko ukacheza. Nikachambua kile kifua kilichokataliwa, nikakitia nacho, nikaufunga mfuniko kwa kitambaa. Kapu nililishindilia majani makavu ya migomba, nikaiketisha sufuria katikati, juu yake mto wa sufi. Jikoni kwetu hapakuwa na mlango na mbwa wa jirani walijua hivyo, kwa hiyo nikalibeba kapu hadi nyumba kubwa, nikaliweka kando ya mlango. Ili lipendeze machoni pa baba, nikalifunika majani mabichi ya mgomba, nikalifunga kwa kamba ya ugomba.

Nikazima moto, nikavaa, nikatangulia barabarani kumpokea baba.

Alishuka kwenye lori na koti lake la Krismasi, amejaa vumbi hadi kope. Nikapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Akanishika kidevu akanigeuza uso huku na huku, kama anunuaye papai. "Umenenepa au umevimba?"

"Nimenenepa, baba."

Tulipanda hadi kanisani akiniuliza habari za mvua tu, nami sikuthubutu kumuuliza kama barua ilifika. Yeye akaenda upande wa wanaume, mimi nikajipenyeza kando ya mama mkwe. Mbele ya madhabahu makapu ya mavuno yalikuwa yamepangwa safu mbili, ya mahindi, ya maharage, ya ndizi, yote yamefunikwa majani mabichi ya mgomba na kufungwa kwa ugomba, kama ilivyo desturi yetu.

Katikati ya mahubiri nikasikia harufu ya tangawizi.

Nilidhani ni kanga yangu, imeshika jikoni. Kisha harufu ikawa ya nyama. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka. Mchungaji alikuwa akisema habari za mana jangwani, akameza mate, akaendelea. Mama mkwe akaniinamia sikioni.

"Kapu lako uliliacha wapi?"

"Mlangoni, mama."

"Na mimi nilimwambia wifi yako achukue kapu la mlangoni."

Wifi yangu, aliyekaa mbele yetu, alikuwa amelitwika kapu lile kilometa nzima ya mteremko na mwinuko bila kumwaga tone, maana msichana wa milimani akishatwikwa kitu anatembea kama amebeba maji hata kama ni kuni. Joto halikumfikia, nilikuwa nimeshindilia vizuri mno. Maharage ya Mungu yalikuwa nyumbani chini ya meza, nilikoyasogeza mwenyewe alfajiri kupisha kapu langu mlangoni, na supu ya baba ilikuwa madhabahuni inaendelea kuiva.

Nilitaka kwenda kuichukua. Mama mkwe alinibana paja. "Kikishawekwa pale hakirudi. Tulia."

Baada ya ibada watu wakatoka uani kwa mnada. Kila mwaka aliyeuendesha alikuwa mzee wa kanisa mmoja mcheshi, ambaye angeweza kumuuzia mtu ndizi zake mwenyewe. Yakauzwa mahindi, yakauzwa maboga. Akafika kwenye kapu letu, akaliinua, akasita.

"Ndugu zangu, maharage haya yana homa."

Akakata ugomba, akatoa majani, akatoa mto, akafungua kitambaa. Mvuke ukampanda usoni. Kiwanja kizima kikalipuka kwa vicheko. Watu walisogea, wanagusa kapu, wanatafuta makaa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kisha mama mmoja, jirani yetu wa juu, akachungulia ndani ya sufuria akasema kwa sauti ya kusikika, "Hebu! Si yule bata wa jana? Mungu ameletewa kiporo?"

Vicheko vikakatika. Niliona baba yangu akivua kofia na kuanza kusukuma watu aje nilipo. Nilijua akinifikia atanishika mkono, na akinishika mkono tunaondoka.

Mama mkwe alifika kabla yake. Alisimama mbele ya kapu, mikono kiunoni, kimo chake chote kikiishia begani kwangu.

"Onja," alimwambia mzee wa mnada.

"Mama, utaratibu wa mnada..."

"Onja, halafu useme kama ni kiporo."

Kikombe kikapatikana. Mzee akachota, akapuliza, akanywa, akafumba macho. Akanywa tena, mara hii bila kuombwa.

"Ndugu zangu," akasema polepole, "huyu bata mimi jana nilimla. Jana hakuwa hivi."

"Umesikia?" Mama mkwe akamgeukia jirani. "Mabaki ni ya asiyejua kupika. Hii ameipika binti yangu. Haya, mzee, uza. Mimi ndiye wa kwanza."

Binti yangu. Alilisema kwa ukali, kama mtu anayegombea mpaka wa shamba, na machozi yakanitoka hapohapo mbele ya usharika mzima.

Akataja bei yake. Nyuma sauti ya kiume ikataja kubwa kuliko hiyo. Alikuwa baba. Mama mkwe akageuka, akamwona, akapandisha. Baba akapandisha.

"Mkwe, shikamana na adabu," mama mkwe alisema. "Wewe ni mgeni wangu na supu ni yangu."

"Supu ni yako," baba alisema. "Mpishi ni wangu."

"Mpishi ni wangu pia!"

Watu walipiga vigelegele. Wakapandishiana mpaka mzee wa mnada mwenyewe akawaonea huruma. Mwisho mama mkwe akateremsha mkono, akacheka hadi akajishika mbavu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwachieni achukue."

Baba alilipa, kisha akasema supu ya kanisani hainywewi na mtu mmoja. Vikaletwa vikombe. Ilikuwa nzito, nyama ya kifua imelainika ikawa nyuzi, tangawizi inachoma koo kwa upole, na ilikuwa bado ya moto kiasi cha kupulizwa. Hata yule jirani alikunywa, akarudi mara ya pili kwa kisingizio cha mtoto. Wanawake walilitapanya kapu langu wakihesabu tabaka za majani, wakaniuliza maswali, nami nikajibu kwa majivuno yasiyofaa siku ya Bwana. Mchungaji alifika mwisho akakuta chini ya sufuria, akaikwangua. Maharage mama mkwe aliyapeleka mwenyewe Jumatatu, asije akamdhulumu Mungu.

Mchana nilimsindikiza baba barabarani. Mama mkwe alikuwa amemfungashia ndizi na tangawizi na alikuwa bado anampungia kutoka juu. Tulilisubiri lori tumekaa juu ya jiwe.

"Barua yako niliipata," baba alisema.

Niliangalia miguu yangu. "Baba, ile barua niliiandika kwa hasira."

"Najua. Hasira hizo ni zangu, umezirithi. Lakini mzazi hapuuzi barua. Nilikuja na nauli ya watu wawili."

Lori likatokea kwenye kona, likapiga honi. Baba akasimama, akajikung'uta koti, akaniwekea mkono kichwani.

"Sasa sina budi kurudi peke yangu," akasema. "Nauli yako nimenunulia supu."