Picha ya Jicho la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alijiandaa kwenda hospitali ya macho Nyeri kama anayejiandaa kwenda harusini. Aliniomba nimtolee sandukuni kitambaa cha kichwa ambacho hakuwa amekivaa tangu aache kuona, akakipapasa kingo zote kuhakikisha ndicho. Mama mmoja wa kanisani kwake alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na muda si mrefu akasimama mbele ya waumini akasoma Biblia mwenyewe. Tangu siku ile mama mkwe alianza kunitajia vitu atakavyoviangalia. Cha kwanza kilikuwa miti yake ya kahawa.

"Huyo mtu anakata miti yangu vibaya," aliniambia kuhusu kibarua aliyekuwa akiipogoa. "Nasikia kwa makasi. Wacha nipate jicho, atanieleza."

Mimi na yeye tuliongea Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja. Mimi ni mtu wa magharibi ya nchi. Kazi ya ualimu ndiyo iliyonileta karibu na Kutus, nikaolewa huko huko. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Chake alikiokota sokoni Kagio, alikouza nyanya na vitunguu miaka mingi. Mwanzoni hakunitaka. Siku niliyopelekwa kwake alimwambia mwanawe maneno kwa Kikikuyu ambayo sikuyaelewa, lakini uso wake ulinitosha. Baadaye mume wangu akapata kazi ya upishi katika hoteli moja Nanyuki, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Tukabaki sisi wawili na ng'ombe mmoja, tukazoeana kwa kukosa mwingine wa kuongea naye.

Jicho lake la kulia lilikufa kabla sijamjua. Tawi la mti wa kahawa lilimchoma akichuma, jicho likasinyaa. La kushoto ndilo alilotegemea, mpaka nalo likaanza kuingia ukungu, na hatimaye mboni ikawa nyeupe kama maziwa. Kila aliyeliona alisema ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa. Nami nilisema hivyo hivyo.

Daktari tuliyemkuta Nyeri alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini. Alimsalimia mama kwa kumshika mikono yote miwili, akamwita shosho, kama bibi yake mwenyewe. Kisha akamulika lile jicho la kushoto, akainama, akalimulika tena kutoka pembeni.

"Shosho, taa iko upande gani?"

Mama alionyesha kulia. Taa ilikuwa kushoto.

"Na sasa?"

"Hapo hapo."

Taa ilikuwa imezimwa.

Daktari alinigeukia mimi. Alisema weupe ulikuwa mzito mno, mwanga wake haungeweza kupenya kuona nyuma ya jicho, na hawezi kumpasua mtu kabla ya kujua huko nyuma kukoje. Ilibidi mama apigwe skani, ile ile ya mawimbi ya sauti wanayopigwa wajawazito, ila kwa kifaa kidogo cha kuwekwa juu ya kope.

Mama alicheka hadi akashika mbavu. "Ati mimi napigwa picha ya mimba? Na hii miaka yangu? Basi aangalie huyo mtoto wa jicho kama ni msichana ama ni kijana!"

Daktari naye akacheka. Mimi nilijaribu, sikuweza.

Mara ya mwisho kuiona mashine ya namna ile, niliyelala kitandani nilikuwa mimi, katika hospitali nyingine, mimba ikiwa ya miezi saba. Aliyekuwa akinipima alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliniuliza kama kwetu mvua imenyesha, akaniuliza watoto wa shule siku hizi wana adabu gani. Halafu katikati ya sentensi akanyamaza. Akasogeza kifaa huku na huku tumboni, akaigeuza skrini kidogo ielekee kwake. Nilijua kabla ya kuambiwa kwamba moyo wa mtoto wangu umesimama.

Mume wangu alikaa nami siku chache, kazi ikamwita. Mama ndiye aliyebaki. Alihamisha godoro lake akalileta chumbani kwangu, akalala sakafuni kando ya kitanda changu. Alinipikia uji, akanishika kichwa ninywe. Alifua nguo zangu zote, hata zile ambazo mtu haoni vizuri kumwachia mwingine. Wala hakuniambia nijikaze, kama walivyosema wengine. Hatujapata mtoto mwingine.

Basi alipolazwa mama kwenye kile kitanda chembamba, nilisogea nikakaa mahali ambapo ningeona skrini. Daktari alimfunga kope, akampaka jeli.

"Uui, baridi!"

"Pole, shosho. Sasa angalia juu, macho yakiwa yamefungwa hivyo hivyo. Chini. Angalia upande wa sikio. Kahawa imetoa maua huko kwenu?"

"Imetoa. Nimeskia harufu."

"Angalia upande wa pua."

Kisha akanyamaza.

Mama aliendelea kuongea. Alieleza jinsi maua ya kahawa yanavyonukia asubuhi kabla jua halijayapiga, na daktari hakuitikia. Nilitazama skrini. Kulikuwa na duara jeusi, na ndani yake mistari miwili myeupe iliyokutana kwa nyuma na kuachana kwa mbele, kama faneli ya kumiminia mafuta. Mama alipoambiwa asogeze jicho, ile mistari haikucheza ila kidogo sana. Sikujua maana yake. Lakini ule ukimya niliujua, nikaikalia mikono yangu.

Daktari alimpangusa jeli taratibu, akamsaidia kuketi, akavuta kiti chake hadi magoti yao yakakaribia kugusana.

"Shosho, kabla hili jicho halijawa nyeupe, kuna siku uliona vitu kama radi?"

"Niliona. Kama mtu anawasha kiberiti hapa kando. Halafu kivuli ikaanza kuingia na huu upande, kama mtu anafunga mlango pole pole."

"Ulimwambia mtu?"

"Hapana."

"Ilikuwa lini?"

Mama aligeuza uso kunielekea, kidogo akanikosa, akawa anautazama ukuta nyuma ya bega langu.

"Ni ile wakati huyu wangu alikuwa mgonjwa," alisema.

Sikuwahi kuugua tena tangu siku zile za kumpoteza mtoto. Nilielewa.

Daktari akamweleza bila kuficha. Nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea mwanga, inaitwa retina. Yake ilibanduka yote, muda mrefu sasa, ikajikunja na kukakamaa. Mtoto wa jicho alikuwepo kweli, lakini hata akitolewa, nyuma yake hakuna cha kuona.

"Nikikupasua, shosho, nitakutesa bure."

"Hata kidogo? Hata kama ni kivuli tu?"

"Hata kivuli."

Mama alitikisa kichwa kuitikia. "Sawa. Umeniambia vizuri."

Mimi ndiye niliyeuliza kama ingewezekana kuliokoa jicho, lau angeletwa wakati ule wa radi. Daktari alinigeukia. "Labda," alisema. "Wengine hushonewa ikashika, wengine haishiki. Siwezi kukuapia."

Tulirudi nyumbani. Mume wangu alipopiga simu, mama aliiomba akamwambia yeye mwenyewe, kwa Kikikuyu, maneno machache. Sauti ya mume wangu ikakatika upande wa pili. Mama alingoja imrudie, kisha akamuuliza kama amekula. Mtu anayeshinda jikoni kutwa nzima akiwapikia wageni, anaulizwa kama amekula.

Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani, wala iliyofuata hiyo. Wenzake walipokuja kumwona alinituma niseme amelala. Alikuwa ameketi kitandani, amevaa, mikono mapajani. Nilimsikia akilia mara moja tu, mchana, nilipokuwa nikimkatia ng'ombe nyasi. Nilisimama nje ya dirisha lake na nyasi mikononi. Sikuingia. Nilihisi kwamba kilio kile alikuwa amekingoja mpaka nitoke.

Likizo ilipofika tulikuwa tukikaa wote barazani tukipukuchua maharagwe. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Punje mbovu alizijua kwa kuzigusa. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Mama, kwa nini hukuniambia kuhusu ile radi?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unalala unaangalia ukuta. Hata uji ulikuwa unakushinda." Alitupa ganda pembeni. "Nilisema hii ni uchovu. Nilisema ukipata nguvu nitaenda hospitali. Na ukapata nguvu, na mimi nikaona si mbaya sana. Basi ikawa hivyo."

"Ungeniambia ningeamka."

"Ndio. Na mimi sikutaka uamke kwa ajili yangu. Nilitaka uamke kwa ajili yako."

Tuliendelea kupukuchua. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayewaza tu, "Sura yako niko nayo, usifikiri nimesahau. Lakini ni ile ya siku zile ulikuwa unalia. Ndiyo ya mwisho jicho lilishika vizuri. Nikikuskia ukicheka na watoto wa jirani, najaribu kuiweka ile kicheko kwa ile sura, haikai." Akatafuta ganda jingine. "Hiyo tu ndiyo nilitaka kule Nyeri. Kahawa ilikuwa ni maneno tu."

Nilisogeza kiti changu mpaka mabega yetu yakagusana. Akaniegemea kidogo, mzito, mikono yake ikiendelea na kazi, nami nikaendelea na yangu mpaka ng'ombe akaanza kulia akitaka kukamuliwa.