Kiti cha Mbele cha Muzee Paluku

Ninyi chekeni tu, maana najua mtacheka, lakini mimi nikipita karibu na ule ukumbi wa parokia pale Majengo bado nageuza uso upande wa pili, na aibu yenyewe si ya kuteleza matopeni mbele za watu, afadhali ingekuwa hiyo, ni aibu niliyoipika mwenyewe, nikaipakua, nikaila.

Mnajua nafundisha Kiingereza. Hapa Goma kila kijana anataka kazi kwenye ofisi za mashirika kule mtaa wa Himbi, na ofisi za Himbi zinataka Kiingereza, basi mimi nakula hapo katikati. Vitabu sina, fotokopi ni ghali, kwa hiyo nafundisha kwa miguu. Somo langu maarufu ni vitenzi vya kutembea, maana Waingereza hawatosheki kusema mtu anatembea, lazima waseme anatembeaje: naenda kama askari, darasa linapaza sauti, “March!”, nayumba kama mlevi, “Stagger!”, nanyata kwa ncha za vidole kama mume aliyechelewa kurudi, “Tiptoe!” Na nilikuwa na sheria moja (niliipenda sana, Mungu anisamehe): anayechelewa haketi kimya. Namwonyesha ubao kwa mkono, anatembea kutoka mlangoni mpaka mbele, na darasa zima linampigia kelele kitenzi cha mwendo wake kila hatua mpaka afike.

Sasa kulikuwa na limp, yaani kuchechemea. Nilijaribu kuchechemea kwa kubuni, hawakucheka. Nikajiuliza, kwa nini nijisumbue wakati kuna mtu namjua? Mtu huyo ni Muzee Paluku, baba wa Kahindo, na Kahindo ndiye msichana niliyetaka kumwoa. Nikamchukua mzima mzima: mkono wa kushoto kiunoni, mguu wa kulia unatupwa nje kwanza ndipo unarudi, na ile “hmm” yake ndogo kila akikanyaga. Darasa likafa kwa kicheko. Nikarudia kesho yake, nikarudia wiki nzima, nikaongeza na kofia kama yake. (Msinitetee kwamba pengine sikujua. Nilijua. Kahindo mwenyewe alinisimulia jinsi baba yake alivyoumia mguu siku walipokimbia vita kijijini kwao Kalengera, akakataa kupumzika, akaja nao hivyohivyo mpaka Goma akiwa na yeye Kahindo mgongoni, na mguu haukupona tena.)

Na huyo muzee alikuwa bado hajanikubali. Alimwambia binti yake, “Siwezi kutoa mutoto wangu kwa mutu mwenye sijaona kazi yake.” Basi, mimi na akili zangu nikamwalika kwenye sherehe ya kugawa vyeti, aje aione kazi kwa macho yake. Akiridhika, wazee wa kwetu wangekwenda kubisha hodi. Nikamwekea kiti cha mbele kabisa, nikakitandikia kitambaa.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa wazazi, soda zinasubiri kwenye meza, wanafunzi wangu arobaini wamevaa mashati meupe. Kahindo alikuja mapema, akakaa mstari wa wanafunzi karibu na kile kiti. “Papa anakuya,” akaniambia, “amekataa kupanda pikipiki, anasema atatembea.” Tukaanza bila yeye. Nikawa katikati ya hotuba yangu, kwa Kifaransa cha Jumapili, mlango ukafunguka.

Muzee Paluku alisimama pale na koti lake la kahawia na ile kofia. Nikafurahi, nikamwonyesha kiti cha mbele kwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa uleule ninaowaonyeshea wachelewaji ubao. Akaanza kuja. Mkono kiunoni, mguu nje, hmm.

“Limp!” wakapaza sauti wote arobaini.

Nadhani waliamini nimeleta mwigizaji, kwamba ni mtihani wa mwisho. Hatua nyingine, hmm, “Limp!” Nikainua mikono juu kuwanyamazisha, wakadhani nawataka wapandishe sauti, wakapandisha. Na ukumbi ule ni mrefu, jamani, sijawahi kuona ukumbi mrefu namna ile. Wazazi ambao hawakuelewa lolote wakaanza kupiga makofi kufuata hatua zake. Na muzee alidhani anapewa heshima. Alivua kofia, akaiinua juu, akawapungia upande huu na upande ule, akanyoosha mgongo, akaja anatabasamu njia nzima, na sidhani kama tangu Kalengera kuna watu waliowahi kumpigia makofi.

Mwanafunzi aliyekaa karibu na Kahindo alikuwa anafuta machozi ya kicheko. “Angalia! Njo ile kutembea mwalimu anafanyaka! Hata hmm iko!” Kahindo anajua Kiingereza kuliko mimi. Aligeuka akaniangalia, na mimi nikaangalia soda.

Vyeti viligawiwa, sikumbuki vipi. Mwishoni muzee akanifuata, Kahindo ubavuni mwake, akanishika mkono.

“Mwalimu, bale batoto balikuwa banasema nini?”

Kahindo aliningojea. Nafasi nilipewa, siwezi kusema sikupewa. Ningesema, papa, unisamehe, nilikuiga ili watu wacheke. Ulimi ukaenda kwingine.

“Balikuwa banakukaribisha, papa. Njo vile Baingereza banakaribisha mutu mukubwa.”

Akanibana mkono mpaka ukauma. “Kazi yako nimeiona. Lete bazee bako.”

Kwa hiyo ndiyo yake niliipata, nataka mjue hilo, niliipata ndiyo yote. Nje, baba yake akiwa ametangulia, Kahindo alisimama mbele yangu. “Kumucheka, pengine ningekusamehea,” akasema. “Lakini umemudanganya mu macho, mie nikiwa pale.” Akamfuata baba yake, akapunguza mwendo ili walingane, na hajarudi kwangu tangu siku ile. Wala hajamwambia baba yake lolote, na ninajua kwa nini: kumwambia ni kumrudisha katikati ya ukumbi ule na kofia yake mkononi.

Nimeapa sitamwiga binadamu tena, hata kuku simwigi. Kitenzi kile nimekifuta kwenye somo, na anayechelewa anaketi popote anapopata. Lakini karibu kila wiki nakutana na Muzee Paluku barabara ya sokoni. Ananiona kwa mbali, anasimama, anavua kofia, anaiinua juu ya vichwa vya watu na kunipigia kelele ng'ambo ya pikipiki, “Limp, mwalimu! Bazee bako batakuya siku gani?”

Nami nainua mkono. “Limp, papa,” namwitikia, kisha naharakisha.