Kamba ku pedali ya kinga yangu

Mi niliacha masomo mapema, lakini mudomo yangu haikuacha kufundisha. Ile mwaka ya kufukuza batu ya Kasai mu Katanga, mwalimu wa fizike, hata kama alizaliwa hapa Kolwezi, balimupandisha treni ya Kasai na bibi yake. Batoto bakabaki bila mutu, na egzame ya diplome iko karibu. Basi mi, muzee wa kuchunga mulango ya masomo, nikakalia kiti yake.

Swali yao ilikuwa hivi: baiskeli imesimama, pedali moja iko chini, umeifunga kamba unaivuta toka nyuma. Itaenda wapi?

"Mbele!" nikasema. "Si muguu wa chini unasukumaka nyuma? Mi nimepanda kinga mpaka Kasaji!"

Monga, binti ya fundi wa viatu, akafunga macho, akazungusha mikono hewani kama miguu ya mwenye kupanda. "Hapana, tata. Itarudi nyuma."

"Ikirudi nyuma, mama, mi natoka ku hii kiti!"

Tukaleta kinga yangu, ile baiskeli ya mizigo, gunia ya makala ya kupikia bado juu yake. Batoto babili bakaishika pembeni isianguke. Nikachuchumaa nyuma na shati nyeupe ya misa, nikavuta kamba ya pedali ya chini na nguvu yote.

Kinga ikanijia. Nikaanguka chali, gunia juu ya tumbo, makala mpaka mu meno.

Batoto bakacheka mpaka bakashikana. Kisha bakatoa makaratasi. "Tata, juu ya sababu gani imerudi?"

Nikatema makala. "Mumuulize mwalimu," nikasema, nikamuonyesha Monga kiti.