Msamaha kwa Jina la Dada

Dada yangu ni muuguzi, na kwa hasira zake wagonjwa humwita Sista Pilipili. Humfokea anayeruka dawa, humfokea na mume aliyemsindikiza. Lakini majibu mabaya ya vipimo hayatoi kwenye simu hata umtishie kwa kisu. Hupiga, husema tu, "Njoo kesho, uje na mtu wako," kisha humketisha mgonjwa faraghani, hufunga mlango, huanza taratibu. Simu za wagonjwa wetu wengi ni za nyumba nzima. Hata paka wa hospitali anajua hilo.

Mkurugenzi akaleta programu ya kompyuta inayojitungia majibu ya jumbe za wagonjwa. Mwanzoni dada aliyasoma kabla hayajatumwa. Baadaye wakubwa wakaona anawachelewesha, ikaachiwa itume yenyewe, na jina la dada chini. Hawakumuuliza.

Fundi cherehani mmoja, rafiki yake wa miaka mingi, akaandika: "Sista, majibu ya uvimbe wangu vipi?" Programu ikamwaga kila kitu: ni saratani ya titi, pole sana, tuko nawe bega kwa bega. Simu ile hukaa mezani dukani kwa ajili ya oda. Mwanafunzi wake akadhani ni vipimo vya gauni, akausoma ujumbe kwa sauti mbele ya wateja. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. Bega kwa bega, na bega lenyewe haina!

Fundi akafunga duka, akagoma kurudi hospitali. Matibabu yalipaswa kuanza Jumatatu. Dada akamvaa mkurugenzi.

"Mnataka kuniulia mtu!"

"Taratibu, Sista. Wagonjwa wanasema ina lugha nzuri kuliko yako. Na hilo la fundi tumeshalishughulikia."

Dada hakungoja maelezo. Akaenda kwa fundi na sare yake mwilini, mimi nyuma. Fundi akafungua mlango nusu.

"Mwenzangu, nimekuja kukuomba..."

"Umeshaniomba asubuhi." Akatuonyesha simu. Msamaha mrefu, mtamu, na jina la dada chini. "Umeandika vizuri. Nimelia."

"Si mimi! Ni kompyuta!"

"Na ule ujumbe wa kwanza?"

"Kompyuta hiyohiyo!"

"Basi wewe ulikuwa wapi?"

Mlango ukafungwa. Jumatatu dada alimngoja hadi jioni, dawa ziko tayari, na fundi hakuja.