Sauti ya Spika na Mabega ya Kinyozi

Pale stendi kuu ya mabasi, jina lake la kuzaliwa walilijua watu wa mishahara tu. Wengine wote walimwita Spika. Kibanda chake kilikuwa juu ya ofisi ya tiketi, vioo pande tatu, feni iliyozunguka ilipojisikia, na maikrofoni iliyochubuka shingoni. Humo ndimo alimokuwa akiwaita abiria tangu yu msichana: basi gani linaondoka, mtoto gani kapotea, nani kasahau begi chooni. Na sauti yenyewe, jamani! Nyembamba, safi, ya kubembeleza hata inapokuambia umeachwa na basi. Madereva walikuwa wakitania kwamba gari haliwaki mpaka Spika aseme.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na ushei, na amechoka. Uchovu wa kubeba mzigo mtu hulala ukaisha, lakini huu wa kwake ulikuwa unaamka naye. Hedhi ilikoma, likaja joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, na jasho linamlowesha chapachapa katikati ya tangazo. Usiku shuka zinalowa, usingizi hauji. Siku moja aliwaelekeza abiria wa kaskazini wakapande basi la kusini, wakapanda kweli, na waliporudi walimtukana matusi ya kila rangi. Ndipo akaenda kliniki.

Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alimpa plasta za homoni za kubandika chini ya kitovu.

“Mwili umepunguza kutengeneza, mama. Hizi zinajazia kidogo.”

Zilijazia, tena vizuri. Baada ya wiki chache Spika alilala usiku kucha, akaamka akakaa kitandani anashangaa. Alikuwa ameshasahau kwamba kulala ni kitu kitamu kiasi kile.

Mumewe alikuwa kinyozi. Kazi ya kunyoa watu wanaiona nyepesi, lakini ukishinda umeinua mikono kutwa nzima, jioni mabega hayasemeshwi. Basi tangu ndoa ikiwa changa walikuwa na desturi yao. Mume akitoka kuoga anajifunga taulo, anakaa kwenye kigoda, na mke anamkanda mabega kwa viganja vyake na mafuta ya vuguvugu. Hata wakiwa wamenuniana, kigoda kilikuwa palepale. Ulikuwepo ugomvi mwingi uliokufa pale mabegani bila mtu kusema samahani.

Halafu sauti ya Spika ikaanza visa. Mwanzoni ilikwaruza, akadhani mafua. Akanywa maji ya moto, akafunga kitambaa shingoni. Ikazidi. Ikawa inapanda na kushuka ndani ya sentensi moja, na vijana wa kupakia mizigo wakaanza kuulizana, “Leo Spika anabalehe?” Naye alicheka nao, kwa sababu angefanyaje? Lakini asubuhi moja, anaosha uso, vidole vyake vikakutana na ndevu. Ndevu kabisa, ngumu, chini ya kidevu. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akalia, taratibu, mumewe asisikie.

Meneja wa stendi hakuwa mtu mbaya. Alipanda mwenyewe mpaka kibandani, akahema kwanza.

“Mama, watu wananipigia simu wanauliza yule dada yuko wapi. Nawaambia ndiye huyohuyo. Hawaniamini.”

“Koo tu hili, meneja. Litapona.”

“Lipone basi, mama yangu. Likiwa hivi mpaka mwisho wa mwezi, itabidi nimkalishe mwingine.”

Daktari naye akakuna kichwa. Plasta zile hazikuwa na tabia hiyo, alisema, lakini ngoja tuzisimamishe tuone, na wakati huohuo tupime damu. Spika akabandua plasta yake kwa mkono wake mwenyewe. Loo! Joto lilirudi kama lilikuwa limejificha nyuma ya mlango linamsubiri. Shuka zikalowa tena, usingizi ukaaga tena, na sauti, badala ya kupanda, ikazidi kwenda chini. Kwa hiyo alikosa vyote viwili. Jioni alimkanda mumewe huku anasinzia wima, na mumewe alimwambia, “Pole, mke wangu.”

Majibu ya damu yalipotoka, daktari aliyasoma, akayasoma tena, akavua miwani.

“Mama, una homoni ya kiume mwilini, nyingi mno kwa mwanamke. Haikutoka kwenye plasta zangu. Nyumbani kuna mtu anapaka dawa ya homoni? Kuna jeli wanaume wanapaka mabegani. Ukiigusa ikiwa mbichi, inakuingia.”

Spika alicheka. “Nyumbani tupo mimi na mzee tu. Na mzee dawa haijui, hata panadoli naisaga nam...”

Hakumaliza. Alitazama viganja vyake vilivyolala mapajani.

Jioni ile mume alitoka kuoga, akajifunga taulo, akakaa kwenye kigoda. Spika alisimama nyuma yake bila kumgusa. Mabega yalikuwa yanang'aa, nayo mafuta bado yako jikoni.

“Mzee, unapaka nini?”

“Nipake nini? Mafuta si unayo wewe?”

“Usinizungushe. Nimetoka kwa daktari.”

Kinyozi, mtu wa maneno mengi, mtu anayeweza kuongea na kichwa cha mteja toka asubuhi mpaka jioni, akalifunga taulo upya ingawa halikufunguka.

“Jeli,” alisema mwishowe. “Ya hospitali. Nilipimwa, wakaniambia homoni zimeshuka. Nilikuwa nimeisha, mke wangu. Nasinzia na mashine mkononi. Na mambo ya chumbani unayajua mwenyewe.”

“Walikuambia nini kuhusu kuguswa?”

Kinyozi akajikuna goti.

“Nakuuliza.”

“Niache ikauke, nivae shati. Nisiguswe hapo.”

“Na mimi kila jioni nilikuwa nagusa nini? Ukuta?”

“Ningekuambiaje usinikande? Tangu tuoane hujawahi kuacha. Ungeuliza kwa nini. Ningesema nini, kwamba mumeo anapaka uanaume wa kwenye chupa?”

“Ukaona heri niote ndevu.”

“Sikujua, haki ya Mungu sikujua! Sauti ilipoharibika nilidhani ni zile plasta zako. Si hata daktari alizisimamisha?”

“Ulidhani, au uliomba iwe hivyo?”

Kinyozi aliangalia miguu yake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyepigwa, “Nilitaka nisikuangushe.”

“Nani alikuambia nimesimama?” Spika alilipuka, na lile lisauti zito likajaa chumba kizima mpaka mwenyewe akaliogopa. “Mimi na joto langu, mimi na macho makavu mpaka alfajiri, nilikuwa nakudai nini wewe? Nilikuwa nashukuru unavyogeukia ukutani! Nilikuwa nataka usingizi, baba wa watu! Usingizi tu!”

Wote wawili wakabaki wanatazamana. Pengine siku nyingine wangecheka. Spika alikwenda jikoni akamwaga yale mafuta, akalala bila kula.

Daktari alimrudishia plasta zake, na hakumficha kitu. Ndevu zitapungua, damu itarudi sawa. Sauti ni habari nyingine. Koo likishanenepa limenenepa. Spika alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akatoka, akasimama kwenye ngazi za kliniki muda mrefu hajui aende upande gani.

Mwezi ulipoisha meneja alimkalisha binti mmoja kibandani, na Spika akapewa dirisha la vifurushi chini, mahali ambapo hakuna anayehitaji kusema zaidi ya “saini hapa.” Binti alikuwa na sauti nzuri. Spika alilikubali hilo, na lilimuuma zaidi kuliko kama angekuwa na sauti mbaya.

Kinyozi aliifungia ile jeli kabatini. Akaanza tena kusinzia kwenye kiti cha wateja. Spika alimtazama hivyo siku kadhaa, akachoka kumtazama, akaitoa kabatini akamwekea mbele yake.

“Paka. Asubuhi, uvae shati. Kuna faida gani tukichoka wote?”

Mume akaipokea. Lakini Spika hakumkanda tena, wala mume hakuomba. Jioni kila mmoja alikaa na kiti chake, mume anajinyoosha mabega mwenyewe, mke anatazama dirishani. Hasira ilikuwepo bado. Mapenzi nayo yalikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyeondoka.

Walikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa nchi ya mbali. Katika miezi yote ile akipiga simu mama hapokei, anamjibu kwa ujumbe: nina mafua, niko kazini, nitakupigia. Hakuwahi kumpigia. Jioni moja simu iliita, ikakatika, ikaita tena, ikakatika, ikaita tena, naye akawaza kwamba anayesisitiza hivyo huenda ana shida. Akapokea.

“Haloo.”

“Shikamoo baba!” Binti alikuwa anahema kwa furaha. “Mpe mama simu, haraka, nataka nimwambie yeye kwanza. Nina mimba, baba! Mwambie mama nina mimba!”

Spika alifumba macho. Mume, kwenye kiti chake, alikuwa amesikia kila neno.

“Mwanangu,” alisema Spika, “ni mimi. Ni mama.”

Kule upande wa pili kikasikika kicheko.

“Baba naye! Acha utani basi. Mpe mama.”

Alijaribu. Alilitaja jina la utotoni la binti, ambalo baba mtu hakuwahi kulitumia, akajaribu kulisema kwa wembamba kama zamani. Likatoka limevunjika katikati. Binti hakucheka tena. “Baba? Mama ana nini? Mama yuko wapi?”

Spika aliinuka, akavuka chumba, akamwekea mumewe simu mkononi.

“Mtoto anamtafuta mama yake,” alimwambia. “Mweleze wewe.”