Nilivyojipangia Dozi Kabla ya Posa ya Namawala

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Namawala, maana wao huongeza chumvi: ndiyo, mimi, mwenye diploma ya ugavi, niliyerudi Ifakara kutoka Dar na kujenga Mlabani kwa jasho langu (nyumba ya bati la bluu, mkiuliza mtaonyeshwa), nilimwamkia mama mkwe akiwa chooni.

Chanzo ni mashavu. Nina ugonjwa wa utumbo mpana, ule wa kuvimba na kutoka vidonda, hauponi moja kwa moja, unalala na kuamka. Daktari alinipa dawa mbili: moja ya kila siku hata nikijisikia mzima, ili ugonjwa usiamke, na nyingine ya kutuliza uvimbe upesi, vidonge vinane kila asubuhi kwa wiki mbili, halafu nipunguze kimoja kila wiki mpaka viishe. "Hii usiizidishe, na usiikate ghafla," akasema. Nikamjibu asihangaike, mimi nimesoma.

Sasa ile ya pili humjaza mtu uso. Mashavu yakaumuka kama maandazi, na mimi niliyerudi nimekonda kama fito nikaanza kuitwa bosi, kila kona "Bosi, Dar ilikukubali!", na posa ya Anjela, mwalimu wa Namawala, ilikuwa inakaribia, nikaona hapa napunguzaje? Nikaendelea na vinane. Nimefundishwa miaka miwili kukadiria akiba ya ghala, lakini mfuko wangu wa dawa sikuukadiria. Vikaisha siku nne kabla ya posa.

Kwa kawaida anayeposa hubaki nyumbani akamtuma mshenga. Mimi nikaona baba mdogo Kasto hawezi kuieleza diploma yangu vizuri, nikaenda naye. (Alinikataza. Nikamwambia mambo yamebadilika.)

Wazee wamekaa, kambale ameshaliwa, nimesimama najieleza, nimefika kwenye cheti cha pili, tumbo likanguruma mpaka mzee mmoja akatazama juu kuona kama mvua inakuja. Nikakatiza sentensi, nikakimbilia nyuma ya nyumba. Choo kina mtu.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mlabani hawajambo?"

"Hawajambo, mama." (Salamu ya mkwe unaikataje?) "Naomba unipishe."

"Nakuja. Na mpunga mwaka huu, mmepata?"

Kuhusu mpunga sikujibu. Nilikuwa nimeshachelewa.

Alipotoka alianza kucheka, kisha akaiona damu kwenye suruali yangu ya kitambaa. Akanifunga khanga yake kiunoni, akamwita bodaboda, akapanda nyuma yangu kunishikilia, tukapita mbele ya wazee wote, mimi nimevaa khanga, baba mdogo Kasto kafunika uso kwa kofia.

Hospitali daktari akaniuliza, "Sasa hivi unameza vingapi?"

"Vimeisha."

"Vimeishaje? Si vilikuwa vya kupungua?"

"Nilimeza vinane vinane."

"Kwa nini?"

Nikatazama dari.

"Mjibu daktari, baba," mama akasema.

"Mashavu," nikasema. "Yalikuwa yananipendeza."

Muuguzi akatoka nje. Mama akanigeukia, akanikagua kama mtu anayekagua mchele sokoni. "Yaani hii sura uliyotuletea ni vidonge?"

Daktari hakucheka. Alisema ningeweza kufia njiani, kwamba mwili uliozoea dawa ile haunyimwi ghafla, na kwamba nikiendelea na ujuaji wangu itabidi nipelekwe kwenye dawa kali zaidi, na zikishindwa, utumbo unakatwa. Tukaanza upya, vinane. Nikalazwa, mama akaniletea uji siku zote, bila kunisemesha.

Nililala pale nikijua Anjela nimempoteza. Jibu la posa lilikuja baada ya wiki tatu, na baba mdogo Kasto alilitoa polepole kwa makusudi: wamekubali, ila kila kliniki niende na Anjela, na maelekezo apewe yeye.

Naapa sitajipangia dozi tena, wala nafasi hiyo sina. Jana daktari alinipunguzia kidonge kingine, na nilipofungua mdomo kueleza ninavyoona mimi, Anjela akaniambia, "Tusubiri nje, mume wangu," na daktari akanifungulia mlango.